Amesahau, Amezembea au Hajali? Lipe Kosa Jina Lake



Magomvi mengi ya nyumbani huanza na jambo dogo, lakini hayaendelei kwa sababu ya jambo hilo. Huendelea kwa sababu ya neno. Mume amerudi bila unga. Mke hakutoa ujumbe aliopewa. Stima imekatwa kwa kuwa ankara haikulipwa. Mmoja asema, "Nilisahau." Mwenzake ajibu, "Hukusahau, wewe hujali tu." Kuanzia hapo hakuna anayezungumza tena juu ya unga wala stima. Wawili hao sasa wanashindania jina la kosa, na mara nyingi hulala bila kupatana.

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi ya kosa la namna hii. Tuna kusahau, kupitiwa, kughafilika, uzembe, ajizi, utepetevu, kupuuza, kutojali na dharau. Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya kana kwamba ni neno moja. Lakini sivyo. Kila neno lina uzito wake, na kila moja lamshtaki mtu kwa jambo tofauti. Kwa hiyo, kulipa kosa la mwenzako jina lisilo lake ni kumkosea haki, hata kama kosa lenyewe alilifanya kweli. Vilevile, kulipa kosa lako mwenyewe jina jepesi kuliko lilivyo ni namna ya kusema uongo.

MFANO MMOJA, WAUME WATANO

Ili tuelewane, tuchukue mfano mmoja na kuugeuza mara kadhaa. Kuna mume na mke wenye mtoto wa miaka 6 anayeugua pumu. Asubuhi mke amwambia mumewe, "Baba watoto, inhela ya mtoto imekwisha. Tafadhali pitia duka la dawa jioni." Mume aitikia. Jioni arudi mikono mitupu. Usiku wa manane kifua cha mtoto kinaanza kulia, na pumzi zinamkatika. Wazazi wamkimbiza hospitali kwa gari la jirani, naye awekewa dawa ya mvuke kwa mashine. Alfajiri apata nafuu.

Katika hali zote tutakazoeleza, matokeo ni haya haya. Dawa haikununuliwa, na mtoto aliteseka. Anayebadilika ni mume tu, yaani kile kilichokuwa ndani yake jioni ile.

KUSAHAU, KUPITIWA, KUGHAFILIKA

Mume wa kwanza alikuwa na nia ya kununua. Alitenga pesa, akaweka karatasi ya daktari mfukoni. Mchana ikaja habari kwamba mfanyakazi mwenzake ameanguka kazini, naye akawa miongoni mwa waliompeleka hospitali. Jioni alitoka amechoka, kichwa kimejaa mambo, akapanda matatu na kufika nyumbani. Alipomwona mtoto mlangoni ndipo alipokumbuka, na duka la dawa lilikuwa limekwisha fungwa.

Huyu amepitiwa. Tazameni jinsi Kiswahili kinavyolisema jambo hili. Hatusemi mtu "amepita", twasema "amepitiwa". Yeye ndiye aliyetendwa. Jambo lilimpita bila yeye kuliona, kama vile tusemavyo mtu amepitiwa na usingizi. Neno kughafilika nalo ni ndugu wa neno ghafula. Aliyeghafilika ni mtu aliyekutwa akili yake haipo pale.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 1735 kwamba lawama ya tendo yaweza kupunguzwa au hata kuondolewa na mambo kama kutojua, kutozingatia, kulazimishwa, hofu au mazoea. Mume huyu ana huzuni ya kubeba, lakini hana uovu wa kuungama. Anachohitaji ni kusamehewa upesi, na kusaidiwa ili jambo hilo lisirudi.

UZEMBE

Mume wa pili pia alisahau. Lakini huyu ajijua. Mwezi jana alisahau dawa hiyo hiyo, na kabla ya hapo alisahau siku ya kliniki. Mkewe alimwomba awe akiandika mambo kwenye karatasi, au aweke kengele kwenye simu. Alicheka tu, akasema, "Mimi ndivyo nilivyo." Jioni ile hakukumbuka dawa, na ni kweli kabisa kwamba hakukumbuka. Akiapa mbele ya padre kwamba alisahau, hatakuwa amesema uongo.

Hata hivyo kosa lake si kusahau. Kosa lake ni uzembe. Alijua kwamba kumbukumbu yake ni chungu kinachovuja, naye hakukiziba. Katekisimu hiyo hiyo, katika namba 1736, yaeleza kwamba tendo laweza kuwa la hiari hata kama mtu hakulikusudia moja kwa moja, iwapo latokana na kupuuza jambo alilopaswa kulijua au kulifanya. Mfano unaotolewa pale ni wa ajali inayotokea kwa sababu dereva hakujua sheria za barabarani. Dereva huyo hakutaka kumgonga mtu. Lakini alichagua kuketi nyuma ya usukani bila kujifunza.

Bwana wetu alitueleza jambo hili katika mfano wa wanawali 10, katika Mathayo sura ya 25. Msomaji asiye mwangalifu hudhani kwamba wale watano waliitwa wapumbavu kwa sababu walilala. Sivyo. Bwana harusi alipokawia wote 10 walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Hakuna aliyelaumiwa kwa kupitiwa na usingizi. Tofauti yao ilikuwa mafuta, na mafuta yalipaswa kuchukuliwa mapema, kabla usingizi haujaja.

Neno hili lina hatari moja. Kutoka uzembe tunapata mzembe, na mzembe ni mtu, si kosa tena. Mke akisema, "Huo ulikuwa uzembe," amehukumu tendo la jioni moja. Akisema, "Wewe ni mzembe," amemhukumu mtu mzima pamoja na miaka yake yote. Na watoto wakisikia baba yao akiitwa hivyo kila juma, hawatalisahau jina hilo.

AJIZI NA UTEPETEVU

Mume wa tatu hakusahau hata kidogo. Alifika mbele ya duka la dawa, akaona foleni ndefu. Akajiambia, "Nitanunua kesho, leo nimechoka. Mtoto hajakohoa juma zima." Akaendelea na safari. Huyu ana ajizi, ile tabia ya kusogeza mbele jambo ambalo mtu alijua kabisa kwamba lilikuwa la leo. Wazee walisema ajizi ni nyumba ya njaa. Hawakumaanisha kwamba mwenye ajizi hana shamba. Shamba analo, na jembe analo, lakini mvua huanza kabla hajalima.

Utepetevu nao ni jamaa ya ajizi, ila wenyewe huonekana kazi ikiwa tayari imeanza. Angeingia dukani, akauliza mara moja, akaambiwa dawa imekwisha, naye akarudi nyumbani ilhali duka jingine lilikuwa ng'ambo ya barabara, huo ungekuwa utepetevu. Alianza, lakini kwa mkono uliolegea.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, aliyatofautisha mambo haya katika Summa Theologiae. Alifundisha kwamba uzembe hukaa ndani, mahali pale mtu anapochagua. Kisha kuna uvivu wa kuchelewa kuanza, na kuna ulegevu wa kufanya kazi yenyewe bila bidii. Tena alikumbuka maelezo ya Mtakatifu Isidori wa Sevilla juu ya neno la Kilatini la mzembe, kwamba maana yake ni "asiyechagua". Maelezo hayo yafaa sana kwa wanandoa. Mzembe hakuchagua mtoto augue. Lakini pia hakuchagua mtoto apone. Aliacha mambo yajichagulie yenyewe.

KUPUUZA

Mume wa nne alisikia vizuri, akakumbuka vizuri, na nguvu za kupanga foleni alikuwa nazo. Lakini alijiambia, "Mama huyu naye! Kila mara ni pumu, pumu. Anapenda kuogopa. Mtoto hana kitu." Akapita.

Huyu amepuuza. Angalieni kwamba kupuuza hutaka mtu au jambo linalopuuzwa. Mtu aweza kusahau akiwa peke yake, lakini akipuuza, yupo aliyepuuzwa. Katika mfano wetu aliyepuuzwa si mtoto. Mume huyu ampenda mtoto wake. Aliyepuuzwa ni mke. Neno lake liliwekwa kwenye mizani, likaonekana jepesi, si kwa sababu lilichunguzwa bali kwa sababu ni lake. Kama daktari angempigia simu na kumwambia maneno yale yale, angekimbia.

Ndiyo maana kupuuzwa huuma kuliko kusahauliwa. Na ndiyo maana "nilisahau" ya mume huyu, akiisema, itakuwa uongo wa kujikinga. Akitaka kupatana na mkewe hana budi kusema ukweli mgumu zaidi, "Sikukuamini."

KUTOJALI

Mume wa tano hakusukumwa na lolote. Hakusahau, hakuahirisha, wala hakubishana na mkewe moyoni. Alisikia, na jambo halikumgusa. Aliporudi na kuulizwa, aliinua mabega. Mtoto alipoanza kukosa pumzi, aligeukia ukuta na kumwambia mkewe, "Wewe si upo? Mpeleke."

Huyu hajali. Kujali ni kulipa jambo uzito moyoni, na kutojali ni kuuondoa uzito huo. Katika Luka sura ya 16 tunasoma juu ya tajiri na maskini Lazaro. Haikuandikwa kwamba tajiri alimpiga Lazaro, au alimfukuza mlangoni pake. Alikula na kunywa, na Lazaro alikuwa pale pale. Hilo pekee lilitosha kumhukumu.

Dharau ni hatua moja mbele. Asiyejali hana habari nawe. Mwenye dharau ana habari nawe, naye amekushusha chini. Mtakatifu Tomaso alifundisha kwamba uzembe waweza kuwa dhambi ya mauti kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale unapogusa jambo la lazima kwa wokovu. Ya pili ni pale unapotokana na kudharau. Maana yake ni kwamba kosa lile lile la nje laweza kuwa dogo au kubwa mno kulingana na mzizi wake.

"KWANGU YOTE NI SAWA"

Hapa mama mmoja atasimama na kuuliza, tena kwa haki, "Ninyi waandishi mnahesabu maneno, lakini mimi ndiye niliyembeba mtoto usiku. Angekufa, je, kaburi lingejua kama baba yake alipitiwa au alipuuza?"

Swali hilo halipaswi kujibiwa upesi upesi. Ni kweli, maumivu hayaulizi chanzo. Usiku ule kazi ni moja tu, nayo ni kumpeleka mtoto hospitali, na ole wake mume anayeanza kujitetea wakati mtoto anatafuta pumzi. Maneno haya ni ya baadaye, mtoto akishalala salama.

Lakini baadaye hiyo ikifika, maneno yanahitajika, kwa sababu kila ugonjwa una dawa yake. Aliyepitiwa ahitaji kufarijiwa. Mzembe ahitaji utaratibu na kukubali kwamba kichwa chake hakitoshi. Mwenye ajizi ahitaji kujifunza kutenda siku ile ile. Aliyepuuza ahitaji kumwomba mkewe msamaha, maana kununua inhela 10 kesho yake hakutaponya alichokivunja. Asiyejali ahitaji kuongoka. Ukimpa mmoja dawa ya mwingine, ugonjwa utabaki palepale. Wako wake waliowatungia waume zao orodha nzuri za kununua vitu, wakashangaa kwamba hazisaidii. Hazikusaidia kwa sababu mume hakuwa na shida ya kumbukumbu.

Sababu ya pili ni msamaha wenyewe. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa kutumia maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Samahani ni neno la thamani. Lakini samahani isiyo na jina la kosa ni kama hundi isiyoandikwa kiasi. Mwenzako hajui amesamehe nini, nawe hujui umesamehewa nini. Ndiyo maana deni hilo hudaiwa tena mwezi unaofuata.

MAKOSA MAWILI YA NDIMI ZETU

Kuna makosa mawili tunayoyafanya, moja la mwenye kukosewa na moja la mkosaji.

Mwenye kukosewa hupenda kuchukua neno zito kuliko yote na kulitumia kwa kila kosa. "Hunijali." Chumvi haikuletwa, "hunijali". Simu haikupigwa, "hunijali". Neno hilo hudai kujua kilichomo moyoni mwa mwingine, na huko anayeona ni Mungu. Katekisimu, namba 2477 na 2478, yatuonya juu ya hukumu ya haraka, na kutufundisha kuyapokea maneno na matendo ya jirani kwa maana iliyo njema kadiri iwezekanavyo. Kama jirani astahili hayo, si zaidi mtu mliyekula naye kiapo altareni? Tena kuna hasara nyingine. Mume anayeambiwa kila siku kwamba hajali, ilhali ajali, mwishowe huchoka kujitetea. Na siku kutojali kwenyewe kukiingia nyumbani, mke atakuwa hana neno lililobaki la kukutaja.

Mkosaji naye hupenda neno jepesi kuliko yote. Kiswahili kimempa hata mahali pa kujificha. Hasemi, "Nimevunja glasi," bali, "Glasi imevunjika." Hasemi, "Nimeunguza chakula," bali, "Chakula kimeungua." Pesa zimeisha. Ufunguo umepotea. Tarehe ya karo imepita. Msikilizaji angedhani kwamba nyumbani mle hakuna watu, ni vitu tu vinavyojiendea. Si kosa kusema hivyo kila mara, kwa maana glasi nyingine huvunjika kweli. Lakini mtu mzima ajue lini anaieleza glasi, na lini anajificha nyuma yake.

TUTAJUAJE?

Kwa kuwa hatuwezi kuuona moyo, tufuate alama.

Alama ya kwanza ni kile mtu anachofanya baada ya kosa kugunduliwa. Katika Luka sura ya 2, Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu wakidhani mtoto Yesu yumo katika msafara. Wazazi watakatifu kupita wote walikosa kujua mtoto alipo! Lakini walipogundua walirudi Yerusalemu, wakamtafuta hata walipomwona siku ya tatu. Tena Injili haikuandika hata neno moja la lawama kati ya mume na mke. Hapana "si wewe uliyepaswa kumwangalia?" Mume wa kwanza katika mfano wetu atavaa viatu upya na kutafuta duka la dawa linalokesha. Wa tano atalala.

Alama ya pili ni yale ambayo mtu hayasahau. Anayesahau kila kitu, hata mshahara wake na kofia yake, ana kichwa kinachovuja. Lakini mume asiyewahi kusahau saa ya mechi, au mke asiyewahi kusahau siku ya chama, wakisahau tu yale waliyoombwa na mwenzi, wajiulize wenyewe mbele ya Mungu. Kumbukumbu huenda mahali moyo ulipoituma.

Alama ya tatu ni sababu zilizofichika. Mtu aliyezoea kuwa mwangalifu akibadilika ghafula, usikimbilie kumwita mzembe. Huenda ana huzuni nzito, deni asilolitaja, kukosa usingizi, pombe iliyoanza kumshika, au ugonjwa. Mama aliyejifungua juzi na mzee ambaye kumbukumbu yake inafifia wanahitaji daktari na uvumilivu, si hotuba.

Alama ya nne twaisema hasa kwa waume. Kukumbuka ni kazi. Katika nyumba nyingi mke ndiye anayekumbuka chanjo, sare za shule, chumvi, siku za kuzaliwa, dawa za mama mkwe na michango ya Jumuiya. Mume hukumbushwa. Mtu anayekumbushwa kila jambo huona kusahau ni kitu kidogo, kwa sababu yupo mwingine anayelipia. Basi, kabla mume hajasema, "Ni kusahau tu," na ahesabu ni mambo mangapi mkewe hawezi kuyasahau hata siku moja.

Wake nao wasidhani sura hii si yao. Mama mkwe akipiga simu kuomba mwana wake amwite, na mke akakaa na ujumbe huo siku tatu, kisha akasema, "Ilinitoka akilini," ajichunguze. Kama ujumbe wa mamaye mwenyewe haujawahi kumtoka akilini, huenda neno la kweli ni kupuuza. Pia mke anayeambiwa na mumewe kwamba kazini mambo ni mabaya, akaendelea kukopa kana kwamba hakusikia, asilaumu kumbukumbu.

MAMBO YA KUTENDA

Kwanza, ulizeni kabla ya kutaja. Badala ya "Hujali," jaribu kusema, "Dawa haikuja, nami niliogopa sana usiku. Ilikuwaje?" Swali hilo halimwachilii mkosaji, ila lampa nafasi ya kusema ukweli mwenyewe.

Pili, mkosaji na awe wa kwanza kulitaja kosa lake kwa jina lake, bila kulipunguza. "Sikusahau. Niliona foleni nikaacha." Maneno hayo ni machungu kinywani, lakini humrudishia mke jambo kubwa, kwamba aweza kuliamini neno la mumewe. Akijua kwamba huwa unasema "nilipuuza" ulipopuuza, siku utakayosema "nilipitiwa" atakuamini.

Tatu, gawaneni kazi ya kukumbuka. Jumapili baada ya Misa ketini kwa dakika 15 na kalenda, mpange nani atabeba nini juma hilo. Aliyebeba jambo alibebe lote, pamoja na kulikumbuka, bila kungoja kukumbushwa.

Nne, lichukueni jambo hili hadi kwenye Sakramenti ya Kitubio. Katika Misa tunaungama kwamba tumekosa si kwa mawazo, maneno na vitendo tu, bali pia kwa wajibu tusioutimiza. Wengi wetu tunafika kwa padre na orodha ya tuliyoyatenda, na yale tusiyoyatenda tunayaacha nyumbani. Yule mtumishi aliyefukia talanta hakuiba hata senti, alirudisha mali ya bwana wake yote, lakini alihukumiwa.

Tano, pale ambapo kwa kweli ni kutojali, msijifariji kwa neno jepesi. Mke asiendelee kusema miaka 10, "Ni msahaulifu tu huyu," ilhali watoto wanalala njaa au wanakosa matibabu. Upole si kuficha ukweli. Zungumzeni na wasimamizi wa ndoa yenu, na padre wenu, au na mshauri wa ndoa. Na ikiwa uhai au usalama wa mtoto wahusika, tafuteni msaada mara moja, hata nje ya familia.

Wako watakaosema kwamba ndoa ya mapendo haihitaji kupima maneno hivi, kwamba upendo husamehe yote bila kuuliza. Ni kweli upendo husamehe yote. Lakini husamehe mtu halisi aliyetenda jambo halisi. Yule mume wa nne aliyempuuza mkewe, akisamehewa kama msahaulifu, atarudi kazini kesho akiwa vilevile, na mkewe atabaki nyumbani akijua moyoni kwamba neno lake bado ni jepesi. Akisema ukweli, nao wakalia pamoja kidogo, kuna jambo ambalo limekwisha kweli kati yao.

MASWALI YA KUJADILIANA WAWILI

1. Ni neno gani kati ya haya ninalolitumia zaidi kwa mwenzangu ninapokasirika? Je, lamstahili?

2. Mara ya mwisho niliposema "nilisahau", je, nilisahau kweli? Kama sivyo, jina la kosa lile ni lipi?

3. Katika nyumba yetu, ni nani anayebeba kazi ya kukumbuka? Ni jambo gani moja ninaloweza kulichukua kuanzia juma hili?

4. Je, kuna kosa la zamani tulilolisamehe bila kulipa jina, ambalo hurudi kila tunapogombana?

Mungu Mwenyezi awajalie moyo wa kujaliana, na ndimi za kweli.